Karatasi ya Saa Tano

Kilema,
1 Agosti 1954

Kaka Alawi,

Shikamoo. Barua yako niliipokea Jumatano kwa mkono wa Ebenezeri, yule dereva wa Marangu anayeshusha kahawa yetu mjini; anasema aliikuta ghalani. Huku tunaendelea, ila ukungu una siku nne haujainuka na kahawa tuliyoosha haikauki. Kornelia anakusalimu wewe na shemeji Mwantumu. Binti yetu Yuditha ameniamuru nikuulize kama ile saa yenye ndege ndani, uliyomwonyesha Pasaka, imeshachukuliwa na mwenyewe au bado iko kwako.

Kwa hiyo ni kweli. Tulianza watu kumi na sita katika mashindano ya sataranji ya klabu, nimebaki mimi na Bwana Pinto wa reli. Nilipoyasoma maneno yako, "fainali, Jumamosi tarehe 14, saa nne asubuhi," nilikwenda kukaa kihambani peke yangu, katikati ya migomba, mpaka Kornelia akaja kunitafuta akidhani nimeletewa habari mbaya.

Nimefikiri sana namna ya kuanza. Wewe ulipocheza naye ulikwenda katikati ya ubao kwa nguvu, akakuacha uje, halafu akakuvunja. Mimi sitakwenda katikati. Nitaanzia pembeni: askari aliye mbele ya tembo, upande wa waziri, nyumba mbili. Najua atafanya nini. Katika michezo yake yote uliyoninakilia, mtu akianza hivyo Pinto humwiga. Ukitoa farasi, naye anatoa farasi. Ukimficha tembo pembeni nyuma ya askari wake, naye anamficha wa kwake. Anaiga tu, huku akingoja mwenzake achoke na kufanya haraka. Lakini mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Siku nzima watoto wananirudishia maneno yangu wala sichoki.

Ninajizoeza na Yuditha. Ana miaka saba, mchezo haujui, ila kuiga anajua. Mimi nasogeza, naye anasogeza kete ile ile ya upande wake, halafu anakunja mikono kifuani kama mtu mzima. Ndiye Pinto wangu. Jana alikuwa anakohoa nikamwambia akalale, akakataa mpaka tumalize.

Nitashuka Ijumaa na lori la mchana. Naomba nilale kwenu.

Mdogo wako,
Sirili


Moshi,
7 Agosti 1954

Ndugu yangu Mwalimu Sirili,

Marahaba. Saa ya ndege bado iko, mwenyewe yuko safarini Nairobi. Mwambie Yuditha ndege anamngoja.

Mpango wako nimeupanga ubaoni na kuuangalia kila upande, na ni mzuri. Kumbuka neno moja. Mkifanana hivyo, yule aliyeanza ndiye mwenye hatua moja mbele, na hatua hiyo ni yako. Usiitumie mapema. Subiri mfalme wako awe ndani ya ngome yake na tembo wako wawe wamekaa, ndipo umsukume askari wa mbele ya waziri, nyumba mbili, katikati. Akiiga hapo atapoteza askari. Asipoiga itambidi afikiri mwenyewe, na nimeambiwa miaka mitano hakuna aliyemlazimisha kufikiri mwenyewe.

Mwenyekiti wa klabu amenichagua nisimame mlangoni siku hiyo. Sheria amenisomea: hakuna kuzungumza na mchezaji, hakuna kumpa kitu chochote, na atakayeondoka mezani kabla ya mchezo kwisha, huyo ameshindwa. Nimekubali, kwa sababu pale mlangoni ubao wote unaonekana.

Sasa nikwambie kitu ambacho sikuwahi kukwambia. Miaka kumi na tano nimekuwa nikitengeneza saa ya ukutani ya klabu ile. Walikuwa wananipa barazani, nami nairudisha barazani. Mara moja nilisogea dirishani, watu wawili walikuwa wanacheza. Mwenye kete nyeupe alikuwa anaweza kumaliza kwa hatua tatu na hakuona. Mimi nilikuwa naona, maana marehemu baba yangu alinifundisha sataranji kabla sijajua kusoma, kwenye meza yake ya cherehani. Nikasimama pale kidogo. Bwana mmoja akaja akaniambia, "Fundi, kazi imekwisha." Akafunga dirisha.

Mwaka huu wamefungua mlango kwa watu wawili tu wa rangi yetu, mimi na wewe. Mimi nimekwisha tolewa. Siyasemi haya ili kukutisha. Nimeyasema tu.

Mwantumu anasema Ijumaa atakupikia wali wa nazi ili Jumamosi usiwe na njaa wala usingizi.

Kaka yako,
Alawi


Kilema,
23 Agosti 1954

Kaka Alawi,

Shikamoo. Asanteni kwa kuja. Shemeji Mwantumu alikaa na Kornelia siku tatu, alichota maji, alipika, alimfunga kitambaa kichwani kama mtoto, na Kornelia hajamsahau. Wewe nilikuona siku ya maziko. Ulisimama nyuma kabisa karibu na mfereji, na nilipokutafuta baadaye nikaambiwa umeshateremka kwa miguu.

Ilikuwa homa ya mapafu. Ijumaa nilipoondoka alikuwa amelala, mwili una joto. Kornelia akaniambia niende tu, kwani homa aliwahi kupata. Jumamosi alfajiri ilimpanda ghafla. Sista wa zahanati ya misheni alikuja nyumbani na hakutoka tena, alifanya kila aliloweza. Yuditha alifariki saa nane mchana. Mimi nilifika saa kumi na nusu, mama yake ameshamwosha.

Siku ile sikukushukuru. Pinto alipomlaza mfalme wake na kunipa mkono, watu walikuwa wananijia, ukapenya katikati yao ukanitia karatasi kiganjani ukasema, "Imefika sasa hivi." Halafu ukanivuta mpaka kwenye gari uliloniazimia. Nimewaambia watu wa hapa hivyo hivyo, kwamba ilifika saa nane na nusu.

Wao wanasema Ebenezeri ndiye aliyechelewa. Kornelia alimkabidhi karatasi saa mbili na nusu asubuhi, pale njia panda, na lori la kahawa hata likienda polepole halimalizi muda wa saa mbili na nusu mpaka mjini. Wanauliza saa nyingine zote alikuwa wapi. Wengine wanasema alikuwa anakunywa pombe ya mbege Himo. Mimi sisemi kitu. Siwezi kusema kitu.

Mwenyekiti ameniandikia kuhusu kikombe. Kaa nacho wewe.

Sirili


Moshi,
30 Agosti 1954

Ndugu yangu Sirili,

Barua yako imefika. Nimekaa nayo siku mbili. Mungu amlaze pema mtoto, naye awape ninyi subira. Mwantumu analia kila akimtaja.

Naomba msihesabu saa. Kuhesabu hakumrudishi mtu. Barabara ina mambo yake, gari huharibika, mtu husimamishwa, mzigo hushushwa pole pole. Ebenezeri mwacheni. Simjui vizuri, lakini sidhani kama ni mtu wa kukaa kilabuni akiwa na ujumbe wa mgonjwa.

Kuja kukuona bado sijaweza. Kazi zimenizidi hapa.

Alawi


Kilema,
20 Septemba 1954

Shemeji Alawi,

Shikamoo. Utashangaa kuona mwandiko wangu. Nakuandikia bila mume wangu kujua, na barua hii naipeleka posta ya Himo mwenyewe.

Nataka kukuuliza juu ya Ebenezeri. Jumamosi iliyopita Filemon, kaka yake Sirili wa damu, alikutana naye sokoni akampiga mbele za watu mpaka jino likatoka. Hakurudisha mkono. Mwenye lori amekwisha mwachisha kazi, kwa sababu wakulima wa huku wamekataa kupakia kahawa yao kwenye gari lake. Wanasema Mlutheri yule aliua mtoto wa mwalimu kwa pombe. Mke wake alikuja kwangu na mtoto mgongoni, akakaa mlangoni bila kuingia, akaniambia, "Mume wangu anaapa. Alifika mjini kabla ya saa tano. Alimpa mtu wa mlangoni, mtu mzima, amevaa kanzu na kofia ya kiua. Mtu yule akamwambia, nitampa sasa hivi."

 Nilimpa ndizi akaenda nazo.

Shemeji, nani alikuwa mlangoni siku ile? Kama kulikuwa na mtu mwingine mwenye kanzu, niambie jina lake. Nilimwomba Sirili akuandikie kukuuliza. Akanijibu niache, yaliyopita yamepita. Alinijibu kwa ukali, na wewe unamjua Sirili, si mtu wa ukali.

Mimi sitafuti wa kumfunga. Nataka kujua tu karatasi yangu ilikuwa wapi wakati mtoto wangu anaita.

Kornelia, mama Yuditha


Moshi,
26 Septemba 1954

Ndugu yangu Sirili,

Barua hii nimeandika nakala mbili. Nyingine ni ya Kornelia, maneno ni yale yale, ili asisomewe na mtu.

Ebenezeri hakuchelewa. Alifika saa tano kasoro dakika kumi. Nina hakika, maana saa ya klabu ilikuwa juu ya kichwa changu na niliirekebisha mwenyewe asubuhi. Aligonga mlango taratibu nikaufungua kidogo. Akasema, "Hii ni ya Mwalimu Sirili, kutoka kwa mkewe. Amesema apewe mwenyewe." Nikamwambia, "Nitampa sasa hivi." Akashukuru akaenda kushusha kahawa.

Niliifungua. Ilikuwa imekunjwa tu, haikufungwa. Ilisema: Baba Yuditha, mtoto amezidiwa. Sista amekataza asisafirishwe. Anakuita. Njoo upesi.

Nilikuangalia. Mlikuwa mmecheza hatua kumi, na ubao ulikuwa kama ulivyoueleza, upande wako na upande wake kitu kimoja: askari wa pembeni, farasi wawili, tembo wamejificha, wafalme ndani. Pinto ameegemea kiti anangoja uchoke. Wewe ulikuwa umeinamia kete, mikono chini ya meza. Nilijua hatua uliyokuwa unaifikiria ni ile ya askari wa mbele ya waziri. Nikajiambia, acha aisukume kwanza. Ukaisukuma. Pinto akainuka kwenye kiti chake, uso ukambadilika. Nikajiambia, acha nione atajibu nini. Ikawa hivyo. Kila hatua niliiambia nafsi yangu ni moja tu. Nilisema homa za watoto hupanda na kushuka, nilisema akina mama huogopa mapema, nilisema nikimpa ataondoka mezani, na akiondoka ameshindwa, na watasema Mwafrika alikimbia. Karatasi ilikuwa katika mfuko wa kanzu, na mkono wangu ulikuwa juu yake.

Saa saba uliongoza kwa askari mmoja. Hapo nilijua utashinda, na nilijua pia kwamba nimeshachelewa kukupa bila kueleza. Nikaogopa. Tangu saa saba halikuwa tena jambo la sataranji. Ilikuwa woga tu.

Kisha nikakudanganya, nikasema imefika sasa hivi. Nawe ukanishukuru kwa maandishi.

Mwantumu nilimwambia juzi, barua ya Kornelia ilipofika. Hakunilaumu. Alimaliza kukunja nguo, kisha akaniuliza, "Na yule dereva je?" Tangu hapo hajaniuliza neno jingine.

Nimekwisha mwandikia mwenye lori na kuweka jina langu. Alhamisi nitapanda Marangu kwa Ebenezeri. Kwako siombi kitu. Ukitaka kuja hapa kunifanya utakavyo, mlango uko wazi. Ukitaka nisikuandikie tena, usinijibu, nitaelewa.

Alawi


Moshi,
21 Oktoba 1954

Sirili,

Umenyamaza na nilisema nitaelewa. Lakini nimeona nikuarifu kuhusu Ebenezeri.

Nilimkuta anapalilia kahawa ya mtu mwingine. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, naye akiwa ameshika jembe. Nilipomaliza akaniuliza kama nimekwisha mwambia mwalimu. Nikasema nimemwandikia. Akauliza, "Na yeye amesemaje?" Nikasema bado hajajibu. Akatikisa kichwa akaendelea kulima. Nilikaa ukingoni mwa shamba mpaka alasiri. Mkewe akaniletea chai, yeye hakuja kunywa. Nilipoaga alisema, "Mzee, umesema la kwako. Sasa tuache tumsikie na yeye." Sikumwelewa, lakini sikuwa na haki ya kumuuliza.

Mwenye lori anasema atamrudisha kazini wakulima wa Kilema wakikubali. Hawatakubali kwa neno langu, mtu wa mjini. Watakubali kwa neno lako.

Alawi


Kilema,
2 Novemba 1954, Siku ya Marehemu Wote

Kaka Alawi,

Shikamoo. Leo tumetoka kusali makaburini, kisha nikaenda kihambani kwenye kaburi la Yuditha. Nimerudi nikamwambia Kornelia, na sasa nakuambia wewe. Ningechelewa hata siku moja nisingesema kamwe.

Nilimwona Ebenezeri.

Mlango ule una kioo upande wa juu. Ulipoufungua nilisikia hewa ya baridi miguuni, nikainua macho. Niliona ile kofia yake ya jeshi, anayoivaa tangu aliporudi vitani. Watu wenye kofia ile siku ya Jumamosi asubuhi katika Moshi nzima sijui ni wangapi, lakini uso wake pia niliuona. Niliona anakupa karatasi. Niliona unaifungua, na midomo yako inasoma, halafu inasimama. Wewe husimamisha midomo hivyo saa ikiwa haitengenezeki. Nilijua imetoka kwangu na nilijua inahusu nani, kwa kuwa nilimwacha ana joto.

Ulipoinua macho kunitazama, ya kwangu yalikuwa yameshashuka kwenye ubao.

Kaka, nilikuwa na hatua ile mkononi. Tangu barua yako ifike nilikuwa nimeifanya na mtoto mwenyewe, yeye akiniiga, mpaka tukifika pale namwambia, "Sasa hapa hutaweza." Niliona kwamba Pinto hataweza. Nikajiambia, kama ni jambo kubwa Alawi ataniita. Alawi ni mtu mzima, ana akili, ataniita. Nikasukuma askari. Baadaye, kila nilipomaliza hatua nilisikiliza kama unakuja. Hukuja, nami nikafurahi kwamba hukuja. Hilo ndilo siwezi kulibeba. Nilifurahi.

Kwa nini sikuuliza? Kwa sababu ningeuliza ningejibiwa.

Uliponipa karatasi na kusema imefika sasa hivi, nilijua unadanganya, na uongo wako ukanifaa. Niliuvaa. Niliwaambia watu saa nane na nusu. Filemon alipompiga Ebenezeri mimi nilikuwepo, hatua kumi kutoka pale, naye alinitazama. Hakumtazama anayempiga, alinitazama mimi. Nadhani pale klabuni naye aliona kwamba nimemwona. Ndiyo maana alikuambia maneno yale shambani.

Barua yako ilipofika niliisoma nikaona nimepata pa kujificha vizuri zaidi. Wewe umekiri yote peke yako. Wiki tano nimekuacha ukiri peke yako, na Kornelia akinipa pole kwa rafiki aliyenisaliti.

Alikufa ananiita. Kornelia hataki kunieleza zaidi ya hapo, nami nastahili kutoelezwa. Nikifumba macho namsikia anaita, na ninapomsikia niko mezani.

Leo nilipomwambia Kornelia alikuwa anamenya ndizi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kumbe mlikuwa wawili." Akaendelea kumenya.

Jumapili nitazungumza baada ya misa, mbele ya watu wote. Usije Kilema kwa sasa, kaka. Nikikuona nitafurahi, na sitaki kufurahi.

Sirili


Kilema,
9 Januari 1955

Shemeji Alawi,

Shikamoo. Mwantumu aliniambia kwamba tangu Novemba hupati barua kutoka huku na kwamba huli vizuri. Nimeona nikueleze mambo yalivyokwenda, kisha niseme na la kwangu.

Sirili alisimama nje ya kanisa Jumapili ile akawaambia watu. Alisema kwa sauti ile anayosomea orodha ya majina darasani. Hakujitetea na hakukutaja wewe, alisema tu kwamba karatasi ilifika mapema, kwamba alimwona mleta karatasi, na kwamba akachagua mchezo. Watu hawakupiga kelele. Waliondoka mmoja mmoja. Filemon akabaki amekaa kwenye ukuta mpaka nikamwinua.

Jumatatu Sirili alichukua jani la isale, wewe ni mtu wa mjini lakini unalijua jani letu la kuombea msamaha, akalipeleka Marangu kwa Ebenezeri. Filemon akaenda naye na mbuzi jike. Ebenezeri alilipokea jani. Mbuzi alimrudisha, akamwambia Filemon, "Jino langu si la mbuzi." Amepata kazi kwingine, anapeleka mahindi mpaka Holili, na nasikia mwenye gari lile anamheshimu. Akipita njia panda yetu hupiga honi mara moja. Mimi hutoka nikampungia mkono.

Sirili aliomba ahamishwe, wamempeleka shule ya Rombo. Hatujaachana. Kanisa letu haliachanishi, nami pia sijataka. Mwisho wa mwezi anakuja, anapasua kuni, anasafisha mfereji, analala chumba cha mbele, Jumatatu anaondoka. Anazungumza nami kwa adabu kama mgeni. Ubao wake sijui aliupeleka wapi, sijauona tena ndani ya nyumba hii.

Sasa la kwangu, ambalo hata padri sijamwambia.

Sirili anaamini kwamba Yuditha alikufa akimwita. Mpaka saa saba na nusu ilikuwa hivyo. Alikuwa anaita baba, baba, kila akipata pumzi. Sista alikuwa ananiangalia. Nilikwenda mlangoni kuangalia barabara mara nyingi sijui ngapi. Mwishoni macho yake yalikuwa yameacha kuona vizuri, yanatazama juu ya dari. Filemon alikuwa ameketi nje kwenye ngazi. Nikamwita ndani. Yeye na Sirili wana sauti moja, tangu ujana watu huwachanganya gizani, na mikono yao ni ile ile. Nikamwambia Filemon, "Mshike mkono, useme nimefika." Akanitazama akilia, akakataa. Nikamwambia tena. Akapiga magoti akamshika mkono akasema, "Mama yangu, nimefika." Yuditha akasema, "Baba umechelewa." Filemon akasema, "Nimechelewa, nisamehe." Mtoto akasema, "Haya." Hakuita tena. Akakaa hivyo kama nusu saa, mkono ndani ya mkono, akaenda.

Kwa hiyo mtoto wangu hakufa akimwita baba yake. Alikufa akijua amefika, na amemsamehe.

Filemon nilimfunga kwa kiapo. Nadhani ndiyo sababu alimpiga Ebenezeri vile, alikuwa amebeba kitu asichoweza kukisema. Sirili hajui. Nikimwambia atapata nafuu, najua. Atalala usiku, pengine atarudi chumba cha ndani. Mara tatu nimefungua mdomo nimwambie, ananitazama kwa ile adabu yake, nami naufunga. Bado sijawa tayari apate nafuu, shemeji. Ninaomba niwe tayari. Naomba kila siku, na kila siku sijawa.

Nimekuambia wewe ili nafuu hiyo uipate wewe, maana ulisema mapema na ulisema peke yako. Kula chakula chako. Lakini usimwandikie Sirili. Hilo ni la kwangu kumpa, siku nitakayoweza.

Kornelia